Nilimfichia binti siri, sasa yeye na mama yake hawaniamini

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Moshi. Ni mwanasaikolojia tiba katika kliniki moja ya binafsi hapa mjini. Wengi wanaokuja kwangu ni vijana, na katika miaka hii mitatu wameongezeka wale wenye matatizo ya ulaji: wasichana, na wavulana wachache, ambao chakula kimegeuka adui yao. Wapo wanaojinyima mpaka wanabaki mifupa. Wapo wanaofakamia usiku wakiwa peke yao, kisha aibu inawashika wanakwenda kujitapisha. Nikieleza kazi hii kwa ndugu wananicheka. Shemeji yangu aliniuliza mbele za watu, "Hivi kuna Mchaga anayekataa kula?" Mwingine akasema ni ugonjwa wa Wazungu, watu waliokosa shida.

Nakuandikia kwa sababu ya binti mmoja. Nimebadilisha mambo madogo madogo asijulikane. Ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, shule ya bweni. Mama yake ana duka la vitenge, baba anafanya kazi mbali na hurudi Desemba. Aliletwa kwangu mwezi wa pili, baada ya matroni kugundua kuwa haonekani bwaloni. Kabla ya hapo alikuwa ametibiwa vidonda vya tumbo mara mbili na kuombewa mara moja. Unajua mwezi wa pili Moshi jua lilivyo. Yeye aliingia ofisini kwangu amevaa sweta mbili, na mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta.

Tulianza vizuri. Ni mtoto mwenye akili, mpole, anaomba samahani hata akigusa meza. Mwezi wa saba akaniambia kuwa anajitapisha. Kabla hajasema alinishika mkono akaniapisha: "Mama asijue. Ukimwambia sirudi tena hapa." Nikakubali, Shangazi. Chuoni nilifundishwa kuwa ahadi ya namna hiyo haitolewi, lakini ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia machoni. Nikajiambia nikimpoteza huyu, nani mwingine atampokea? Wanaofanya kazi hii huku kwetu tunahesabika.

Nilibeba siri hiyo wiki kumi. Mama akipiga simu kuuliza, "Madam, mwanangu anaendeleaje?" najibu, "Taratibu mama, anajitahidi." Mwezi wa tisa binti akaanguka mstarini asubuhi, wenzake wakiimba wimbo wa shule. Alilazwa siku sita. Daktari akasema potasiamu, ile chumvi ya kwenye damu inayousaidia moyo kupiga, imeshuka mno na moyo unapiga ovyo. Ikabidi niseme yote palepale kwenye korido ya wodi, mama akiwa amesimama na chupa ya chai mkononi. Alinitazama muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: "Ulijua tangu lini?"

Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Binti naye alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "Ulisema hutasema." Nasikia kwa dada yake kwamba sasa yuko kwa bibi Kibosho, wanamlisha kwa nguvu, kila mlo ni kilio. Mama anataka Januari arudi bweni kwa sababu anaingia kidato cha nne.

Na mimi siko sawa. Silali. Nikikaa mezani nyumbani najikuta nahesabu nani amekula nini. Juzi mume wangu aliweka kijiko chini akaniambia, "Mama, mbona unatutazama mdomoni?" Binti yangu wa miaka tisa akibakiza ugali, moyo unanilipuka. Mimi mwenyewe mchana sili, kazi zinaingiliana, na jioni hamu hakuna. Nawaza niache kazi hii nikafanye ushauri wa ndoa kama wenzangu.

Je, nilikosea? Nifanye nini na mama huyu? Na kweli kazi hii ina nafasi kwetu, au ninapigana na kivuli?

Mama wa Wawili, Moshi

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako jana usiku, nikaisoma tena asubuhi, kwa hiyo nitakujibu bila kuzunguka. Ulikosea. Kosa lenyewe ni lile la mwezi wa saba, pale ulipokubali kuapishwa kabla hujajua unaapia nini. Hilo la kwenye korido ulipaswa kulifanya mapema zaidi, mahali penye viti. Mtoto wa miaka 16 akikwambia "usimwambie mama", anaomba vitu viwili kwa mpigo: anaomba asiaibishwe, na anaomba ugonjwa uachwe uendelee. La kwanza ni haki yake. La pili huna ruhusa ya kumpa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18, na inaweka maslahi yake mbele. Mtoto anayejitapisha huku amekonda anaweza kusimama moyo akiwa usingizini. Siri ya namna hiyo haikai kwa mtu mmoja.

Kuanzia sasa sema mapema. Siku ya kwanza kabisa, mzazi akiwa kwenye kiti pembeni, mwambie kijana: mengi utakayoniambia yatabaki humu, ila likija jambo linaloweza kuondoa uhai wako nitamwambia mama, na nitakwambia wewe kwanza kabla sijamwambia yeye. Wengi watanuna. Wachache hawatarudi wiki inayofuata. Lakini atakayerudi atakuwa amerudi akijua mlango uko wapi, na hakuna siku atakayokuandikia "Ulisema hutasema".

Nakwambia haya nikiwa na deni langu mwenyewe. Nilikuwa muuguzi wa wodini Arusha kwa zaidi ya miaka 20. Hospitali siitaji. Aliwahi kuletwa kijana wa kiume, mwanafunzi, mcha Mungu sana, amekonda hata kitanda kinamuumiza mifupa. Alianza kufunga Kwaresima, Pasaka ikaja ikapita, yeye akaendelea. Kila mlo nilimkuta ameugawa: ugali ameusogeza ukingoni mwa sahani ameupanga vidonge vidogo vidogo, mchuzi haujaguswa, na jirani yake wa kitanda amepewa nyama. Nilikiona kwa macho yangu siku nane. Kwenye faili pakaandikwa vidonda vya tumbo, nami nikampa dawa za vidonda vya tumbo kwa saa zake. Sikumuuliza hata mara moja, "Baba, ukitazama chakula unaona nini?" Aliruhusiwa kwenda nyumbani. Sikumwona tena, na sijui kama yuko hai.

Kwa hiyo shemeji yako akicheka, mwache acheke. Hilo la "ugonjwa wa Wazungu" limetufanya tusione wagonjwa waliolala mbele yetu. Mwaka 1995 mtafiti Mmarekani, Anne Becker, aliwahoji wasichana wa shule huko Fiji, visiwa ambako mwili uliojaa ulikuwa sifa na mgeni kushindiliwa chakula ni heshima, kama kwetu tu. Televisheni ndiyo kwanza ilikuwa imefika eneo lile. Hakupata hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue. Alirudi 1998, miaka mitatu tu baadaye, akakuta asilimia 11.3 wanafanya hivyo. Hiyo ilikuwa televisheni ya sebuleni, kabla ya simu ya kila mtoto mfukoni.

Na wapo ambao picha za warembo haziwahusu kabisa. Kaskazini mashariki mwa Ghana watafiti waliwapima wasichana 668 wa sekondari, wakachapisha matokeo yao 2004. Miongoni mwa waliokonda kulikuwa na 10 waliokuwa wakijinyima chakula kwa makusudi, na hawakuzungumzia unene wala urembo. Walizungumzia dini na kujitawala. Niliposoma habari ile nilimkumbuka yule kijana wangu wa Kwaresima, nikafunga kitabu kwanza. Ndiyo maana nakuomba usiwaulize wagonjwa wako kuhusu mwili peke yake. Waulize pia kuhusu kufunga, kuhusu ada ya shule, kuhusu wadogo zao wanaowaachia chakula. Sababu za huku zina sura ya huku.

Sasa nije kwenye kosa lako la pili, ambalo wewe mwenyewe hukulitaja. Ulimtibu binti huyu miezi saba, na mama yake akabaki mtu wa kupiga simu na kulipa. Najua kwa nini. Tumefundishwa kwamba tiba ya nafsi ni watu wawili na mlango uliofungwa. Kwa huzuni, kwa hofu, kwa aliyebakwa, mara nyingi ni hivyo. Kwa mtoto anayejinyima chakula haitoshi, na sababu iko kwenye ubongo wenyewe.

Katika vita kuu ya pili, 1944 hadi 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani aliwachukua vijana wa kiume 36, wazima wa afya na wa akili, waliojitolea, akawapa nusu ya chakula wanachohitaji kwa miezi sita. Hawakuwa na tatizo lolote la ulaji. Basi wakaanza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya, kuvuta mlo mmoja saa nzima, kulamba sahani, kugombana kwa mambo madogo, kujitenga na marafiki, kukosa hamu hata ya wasichana. Njaa peke yake ndiyo iliyowafanya hivyo. Sasa mfikirie binti yako wa sweta mbili. Ulikuwa ukizungumza naye kwa hekima, naye akikusikiliza kwa heshima, lakini kichwa chenye njaa hakina nafasi ya kupokea maneno. Yale maombi yake ya samahani, ile baridi katikati ya joto la mwezi wa pili, sehemu kubwa ilikuwa njaa inasema. Chakula kitangulie. Maneno yako mazuri yatakuja kumfaa akishapata mwili wa kuyabebea.

Na chakula hakitolewi ofisini kwako. Kinatolewa mezani kwao, mara tano au sita kwa siku, na anayekitoa ni mama au bibi. Hospitali ya Maudsley, London, ilijifunza hili katika miaka ya 1980. Waliwarudishia wazazi kazi ya kumlisha mtoto, wakawaambia: hamkuusababisha ugonjwa huu, lakini ninyi ndio mtakaoutoa. Matokeo yao ya 1987 yalionyesha kwamba kwa walioanza kuugua wakiwa wadogo na ambao ugonjwa haujakaa miaka mitatu, tiba hiyo iliyoifanya familia kuwa mganga ilishinda ile ya mgonjwa kukaa peke yake na mtaalamu. Huyu wako anaingia humo. Bado kuna muda.

Nikwambie jinsi inavyokuwa, maana ulichosikia kutoka Kibosho kinanitia wasiwasi. Kumlisha kwa nguvu ni bibi kushika kijiko, mjomba kugombeza, na mtoto kutishiwa fimbo. Hilo likome leo. Kusimamia mlo ni jambo jingine. Mama anapakua yeye, mtoto hapakui. Mama anakaa naye, anakula chakula kilekile, mtori uleule, sahani ya namna ileile. Hazungumzii uzito, hasemi "kula upendeze". Anazungumzia ng'ombe, duka, jirani. Mtoto akilia anaambiwa, "Najua ni vigumu, mwanangu, nami siondoki hapa." Na kweli haondoki. Mlo ukichukua saa nzima, anakaa saa nzima. Ukiisha wanakaa pamoja tena, wanachambua maharage au wanasikiliza redio, kwa sababu muda ule baada ya kula ndio anaoachwa peke yake na mateso. Inachosha mno. Mama mmoja hawezi, lazima wapokezane, na duka la vitenge litafungwa siku kadhaa. Mwambie hivyo waziwazi, usimfiche gharama.

Lakini kabla ya hayo yote, daktari. Mtoto aliyeshushwa potasiamu na kulazwa siku sita hawezi kukaa Kibosho wiki kadhaa bila damu yake kupimwa tena, na mapigo ya moyo, na presha akiwa amelala na akiwa amesimama. Moshi mna hospitali ya rufaa ya KCMC tangu 1971, hamjakosa pa kwenda. Na kuna hatari ambayo bibi hawezi kuijua: mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishindiliwa chakula ghafla, madini ya fosfeti kwenye damu yanaweza kuporomoka na moyo ukashindwa kazi. Upendo wa bibi wa kumjazia sahani siku ya kwanza unaweza kuua. Kiasi cha kuanzia na jinsi ya kukipandisha apange daktari, nyumbani watekeleze.

Bweni Januari, hapana. Sitafuti lugha laini. Bwalo la watoto mia kadhaa, matroni mmoja, vyoo vya pamoja usiku: pale ndipo ugonjwa ulipokulia. Mtihani wa kidato cha nne upo kila Novemba. Asome kutwa akilala nyumbani, au arudie mwaka. Kaeni na mkuu wa shule mkiwa na barua ya daktari. Mama ataumia kwa ajili ya ada aliyolipa, na ana haki ya kuumia.

Kingine ambacho kiko mlangoni ni Desemba. Unajua mlima unavyojaa. Mashangazi wa Dar, wajomba wa Mwanza, mbuzi anachinjwa, na kila anayeshuka kwenye gari anaanza na mwili wa mtu: "Eh, umejaa!" au "Mbona umeisha hivyo, unaumwa?" Kwetu hiyo ni salamu na haina ubaya. Kwa binti huyu kila neno la hivyo litamrudisha wiki nzima nyuma. Baba yake awapigie ndugu kabla hawajasafiri, aseme kwa sauti ya baba: kuhusu mwili wa mtoto huyu na sahani yake hakuna anayesema neno, zuri wala baya. Baba huyu umemtaja mara moja tu kwenye barua. Mtafute. Kama anaweza kuwahi kurudi hata wiki mbili, awahi.

Kuhusu wewe. Ukitaka kuacha kazi hii, acha siku ukiwa umelala na umeshiba, usiache leo. Unavyowatazama watu wako mdomoni ni ishara kwamba wagonjwa umewaleta nyumbani, na unawabeba bila mwenzako. Hakuna anayefanya kazi hii salama akiwa peke yake. Tafuta mtu mzima katika taaluma, awe Moshi au Arusha au Dar kwa simu, ukae naye kila baada ya wiki mbili umsomee kesi zako, hasa zile unazozionea aibu. Ungekuwa naye mwezi wa saba, siri ile isingemaliza siku tatu. Na mchana ule. Saa saba funga mlango wa ofisi, kaa, ule mlo kamili. Nakusihi usilichukulie kama neno la mama mtu mzima la kukuhurumia: hamu inayokata jioni baada ya kuruka mchana wewe unaijua ilivyo kwa wengine. Ikiendelea mwezi mmoja, nawe nenda ukaonwe. Binti yako wa miaka tisa akibakiza ugali, mwache abakize. Ameshiba.

Yule mtoto mwandikie kabla ya wiki kuisha, kwa mkono, kwenye karatasi, mama yake akijua. Usijitetee na usimweleze potasiamu ni nini. Mwambie: "Nilikuahidi kitu ambacho sikuwa na haki ya kukuahidi. Nisamehe kwa ahadi ile. Kwa kusema, siombi msamaha, kwa sababu nataka uishi." Asipojibu, mwache. Mlango uwe wazi.

Na mama yake. Nimeitafuta barua yako yote, sijaona ulimjibu nini pale kwenye korido. Alikuuliza, "Ulijua tangu lini?" na wewe ukaniandikia kwamba hapokei simu. Nadhani hukumjibu. Nadhani ndicho anachokingojea, na kila simu yako inayolia anajua si jibu hilo, ni maelezo. Usipige tena. Nenda dukani kwake asubuhi, anapotandaza vitenge nje kabla wateja hawajaanza, usalimie, usimame upande wa nje wa kaunta. Mwambie, "Tangu mwezi wa saba, mama. Wiki kumi." Kisha nyamaza, hata akikufukuza. Akikupa kiti, usianze na ushauri. Muulize yeye ameona nini mezani kwake muda wote huu, kwa sababu ameona mengi na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Shangazi